Mfungwa aliyebadilisha mchezo wa pool kwa kipande cha ngozi

UKIPITA Umoja, Kayole, Dandora au Kariobangi jioni, aghalabu hutakosa kusikia mlio wa mipira ikigongana juu ya meza ya pool. Sarafu hutumbukizwa, mipira 15 ikaporomoka kutoka tumboni mwa meza, nao vijana wakaizingira kama watu wanaosubiri hukumu mahakamani.

Mara mchezo husimama. Ncha ya fimbo imebanduka. Mchezaji huiinua fimbo, huikagua kwa jicho moja, na kila aliye karibu hutambua kwamba bila kile kipande cha ngozi, kisichozidi upana wa kifungo cha shati, hakuna la kuendelea.

Hapo ndipo huitwa fundi. Hupitisha msasa kwenye mbao, hutia tone la gundi kali, hubandika ngozi mpya, hukata ziada kwa wembe, kisha husugua hadi ngozi iwe na umbo la kuba. Wapo mafundi ambao, kabla ya yote hayo, huibana ngozi katika jiliwa ili ishikamane na kuwa ngumu.

Ni kazi ya muda mfupi na malipo yake si makubwa. Hata hivyo, si wengi miongoni mwa wale wanaozingira meza hizo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ambao wamewahi kujiuliza ni nani aliyewaza kwanza kuivisha fimbo hiyo ngozi.

Sifa hiyo hupewa afisa wa jeshi la Ufaransa, François Mingaud, mtu ambaye wazo hilo lilimkomaa akilini akiwa gerezani.

Mingaud alizaliwa mwaka wa 1771 huko Le Cailar, kijiji kilichoko karibu na mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Ujana wake ulimkuta katika taifa lililokuwa likitokota. Alikuwa na umri wa miaka 18 pekee wakati raia wa Paris walipoivamia ngome ya Bastille mnamo Julai 14, 1789, na kuanzisha mapinduzi yaliyoung'oa ufalme.

Alijiunga na kikosi cha askari wa miguu na akaja kujulikana kama Kapteni Mingaud, jina ambalo wapenzi wa biliadi wangali wakimwita.

Wakati huo, mamlaka yalikuwa yakibadilisha mikono kila uchao. Napoleon Bonaparte alitwaa uongozi mwaka wa 1799, na kufikia 1804 alikuwa ametawazwa kaizari. Magazeti yalibanwa, polisi wa siri walitega masikio mikahawani, na mwenye ulimi usio na breki alijiweka hatarini.

Mingaud alikuwa na ulimi wa aina hiyo. Alitiwa gerezani jijini Paris kwa sababu ya kuyasema waziwazi maoni yake ya kisiasa.

Yapo masimulizi, yanayorudiwa hadi leo, kwamba alifungwa katika ngome ya Bastille. Hilo haliwezekani. Bastille ilibomolewa mara tu baada ya kuvamiwa, wakati Mingaud angali barobaro ambaye jina lake halikujulikana popote. Paris ilikuwa na magereza mengine, na humo ndimo wapinzani wa serikali walimotupwa katika miaka iliyofuata.

Katika gereza alimowekwa mlikuwa na meza ya biliadi. Kwa mfungwa asiye na la kufanya tangu macheo hadi machweo, meza hiyo ikawa rafiki, shule na karakana yake.

Ili kufahamu alichokifanya Mingaud, yafaa kwanza tutambue jinsi mchezo huo ulivyokuwa. Biliadi ndiyo babu wa pool. Ile aina iliyokuja kupendwa mno Ufaransa haina mashimo mezani. Hoja ni mchezaji kuugonga mpira wake ili uiguse mipira mingine miwili kwa pigo moja.

Hapo kale mipira haikugongwa, bali ilisukumwa kwa kirungu chenye kichwa kipana. Mpira ulipokwama kando ya ukingo, kichwa hicho hakikuufikia vyema, hivyo wachezaji wakazoea kukigeuza kirungu na kutumia mkia wake. Mkia kwa Kifaransa huitwa queue, na neno hilo ndilo lililozaa jina ambalo fimbo hiyo inaitwa kwa Kiingereza hadi sasa.

Lakini mkia huo ulikuwa mbao tupu. Aliyetaka mpira uende vizuri alilazimika kuugonga katikati kabisa. Akithubutu kuugonga juu, chini au kando, mbao iliteleza, mpira ukaenda mrama na watazamaji wakaangua kicheko.

Wachezaji walijaribu kila hila. Wengine waliisokota ncha ya fimbo ukutani au darini ili ipate vumbi la chokaa na isiteleze sana. Hiyo ilikuwa dawa ya kupunguza homa tu, wala haikuondoa ugonjwa.

Mingaud aliamua kutibu chanzo chenyewe. Alipachika kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo na kukifanya mviringo, kisha akaanza kuchunguza, pigo baada ya pigo, mpira unatenda nini unapoguswa mahali tofauti.

Aligundua kwamba akiugonga chini ya kitovu chake, mpira ungeweza kufika kwa mwenzake, kusita kidogo, kisha kurudi nyuma kana kwamba umeitwa. Akiugonga juu, uliendelea kukimbia baada ya kugongana. Akiugonga ubavuni, ulibadili mkondo ulipogusa ukingo wa meza.

Baadaye akaenda mbali zaidi. Aliinua fimbo hadi ikakaribia kusimama wima na kuupiga mpira kutoka juu, nao ukachora upinde mezani, ukauzunguka mpira uliokuwa njiani na kufika ulikotumwa.

Simulizi inayopendwa zaidi kumhusu ni kwamba kifungo chake kilipokaribia kwisha, aliwaomba wakuu wa gereza wamwongezee muda ili akamilishe uchunguzi wake. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, inaonyesha jinsi watu wa baadaye walivyomfahamu: mtu aliyezamia jambo moja hadi akasahau kuta zilizomzingira.

Mwaka wa 1807 ndio unaotajwa kuwa wakati alipoachiliwa huru. Alitoka akiwa na fimbo mkononi, na Paris ikaanza kushuhudia mambo ambayo haikuwa imewahi kuyaona.

Katika maonyesho yake, mipira ilirudi nyuma, ikakata kona na kutambaa kando ya kingo kana kwamba ina akili. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji walishuku kuwa mkono wa shetani ulihusika, kwa kuwa hawakuona njia nyingine ya kueleza walichokiona.

Siri haikuwa uchawi, bali msuguano. Ncha ya fimbo na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Mbao, kwa kuwa ni ngumu na laini usoni, huteleza katika muda huo mfupi. Ngozi hubonyea kidogo, hukamata uso wa mpira, na kuupa mzunguko kabla ya kuuachia.

Ngozi nayo ina kikomo. Mchezaji akiugonga mpira mbali sana na kitovu, kupita takriban nusu ya umbali hadi ukingoni, fimbo itateleza hata ikiwa imetiwa chaki. Ndiyo maana ncha hutengenezwa mviringo: kila sehemu ya kuba hiyo ina kazi yake, na ncha iliyobapa hunyang'anya fimbo nusu ya uwezo wake.

Mingaud angeweza kuificha elimu hiyo na kuendelea kuwashangaza watu hadi uzeeni. Badala yake, mwaka wa 1827 alichapisha jijini Paris kitabu kiitwacho Noble Jeu de Billard, chenye michoro inayoonyesha mapigo yake ya ajabu na jinsi ya kuyatekeleza.

Kitabu hicho kilivuka bahari. John Thurston, mtengenezaji mashuhuri wa meza za biliadi jijini London, alikitoa kwa Kiingereza miaka michache baadaye. Thurston ndiye pia aliyeleta meza za bamba la jiwe badala ya mbao, mnamo 1826, na kingo za mpira, mnamo 1835. Fimbo ya Mfaransa na meza ya Mwingereza zikakutana, na mchezo tunaoujua ukaanza kupata sura yake.

Linganisha uamuzi wa Mingaud na masimulizi ya Jack Carr, Mwingereza wa mji wa Bath aliyepata umaarufu katika miaka ya 1820 kwa kuupa mpira mzunguko wa ubavuni. Inasemekana kwamba Carr aliwauzia wachezaji unga aliodai kuwa na nguvu za kuzungusha mpira, kumbe ni chaki ya kawaida tu iliyotiwa ndani ya vijisanduku. Mmoja aliuza vumbi, mwingine akatoa maarifa.

Kuna mtu mmoja aliyenufaika na maarifa hayo kwa namna ambayo wachezaji wachache hufikiria. Huyo ni mwanahisabati Mfaransa, Gaspard-Gustave de Coriolis. Mwaka wa 1835 alichapisha kitabu kizima kuhusu hisabati ya mchezo wa biliadi, akieleza kwa hesabu mienendo ile ile ya mpira ambayo Mingaud alikuwa ameidhihirisha mezani.

Coriolis ndiye ambaye jina lake limepewa kani inayopindisha upepo na mikondo ya bahari kutokana na kuzunguka kwa dunia. Kani hiyo hufifia kabisa katika ikweta, mstari unaopita hapa kwetu karibu na Nanyuki, ambako watalii huonyeshwa maji yakizunguka katika beseni na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Kwa kweli beseni ni dogo mno kwa kani hiyo kuonekana; maji hufuata mkono wa anayeyamimina.

Mwalimu wa fizikia anayetaka kuwafunza vijana wa Eastlands kuhusu mzunguko, kwa hivyo, angefanikiwa zaidi kwa meza ya pool kuliko kwa beseni la Nanyuki. Mezani hakuna kiini macho. Kila kosa huonekana papo hapo.

Mingaud aliaga dunia mwaka wa 1847 mjini Rotterdam, Uholanzi, mbali na kijiji alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 76. Hakuacha nyuma vita alivyoshinda wala sheria aliyoitunga. Aliacha ncha ya ngozi na kitabu cha kuieleza.

Kile kijisanduku cha chaki ya samawati kinachowekwa kando ya meza kilifuata nusu karne baada ya kifo chake. William Spinks na William Hoskins walipata hataza ya chaki hiyo nchini Marekani mwaka wa 1897. Licha ya jina lake, si chaki halisi, bali ni mchanganyiko wa madini ya kukwaruza yanayosaidia ngozi kukamata mpira. Bila ngozi ya Mingaud, hata hiyo isingekuwa na pa kushika.

Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, walowezi walikuja na michezo yao. Meza za biliadi ziliwekwa katika vilabu vyao, na Mwafrika aliyeingia humo aliingia kama mhudumu wala si kama mchezaji. Upande wa mashariki wa mji ndiko alikotengewa makazi, na huko ndiko kulikochipuka mitaa ya Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni.

Ilipita miaka mingi kabla ya fimbo kufika mikononi mwa wakazi wa huko. Katika miaka ya 1990, meza ndogo za kutumia sarafu zilianza kuenea katika baa na vibanda vya mitaa, na mchezo uliokuwa wa mabwana ukawa wa makanga, wachuuzi, mafundi na vijana waliokosa ajira.

Hapa ndipo habari ya ngozi inaporudi nyumbani. Soko la Kariokor, ambalo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ni mashuhuri kwa ndara na bidhaa nyingine za ngozi. Mafundi wake wanaijua ngozi kama mkulima anavyoujua udongo.

Wanajua kwamba ngozi iliyotiwa dawa ya maganda ya miti, kama vile miwati inayokuzwa katika nyanda zetu za juu, huwa kavu na imara. Wanajua pia kwamba ile iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu huwa laini na yenye kunyumbuka. Ncha za fimbo hutengenezwa kwa ngozi za aina zote mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayozua mjadala usioisha miongoni mwa wachezaji.

Ncha laini hukamata mpira vyema, lakini baada ya siku chache hupanuka kama uyoga na kubapa. Ncha ngumu hudumu na umbo lake, lakini huhitaji chaki mara kwa mara na mkono mtulivu.

Wachezaji wa ng'ambo wamebuni njia ya kati. Huchukua ncha laini, wakailoweka ndani ya maziwa kwa takriban siku nzima, kisha wakaibana katika jiliwa, wakiikaza kidogo kidogo hadi unene wake upungue sana. Ikikauka, nyuzi zake huwa zimeshikana, nayo hupata ugumu bila kupoteza uwezo wote wa kukamata.

Jiliwa si kifaa cha kutafutwa kwa tochi katika Eastlands. Ipo Kariobangi, ipo Kamukunji, ipo katika kila karakana ya jua kali. Fundi mwenye subira anaweza kuijaribu njia hiyo kwa vipande vya ngozi vinavyobaki baada ya ndara kukatwa.

Anachopaswa kuepuka ni pupa. Ngozi ikikazwa kwa ghafla huchanika ndani kwa ndani, ikaachana tabaka baada ya tabaka pindi fimbo inapoanza kutumika. Ikifinywa kupita kiasi, huwa ngumu kama mbao na kuanza kuteleza. Hapo fundi atakuwa amemrudisha mchezaji katika enzi za kabla ya Mingaud, akisokota fimbo ukutani kutafuta chokaa.

Kuna jambo jingine ambalo maisha ya kapteni huyo yanatuachia, nalo si la ngozi. Wazazi wengi wa Eastlands huitazama meza ya pool kwa jicho la lawama. Wana sababu zao. Wapo wanafunzi walioacha madaftari kwa ajili yake, wapo waume walioacha mshahara juu yake kwa kucheza kamari, na mara nyingi meza yenyewe huwa hatua mbili tu kutoka kaunta ya pombe.

Lakini Mingaud naye alikuwa mtu aliyelazimishwa kukaa bure. Alipewa meza, mipira na siku zisizo na hesabu, kama vile kijana wa mtaani asiye na kazi anavyopewa. Alichokifanya ni kuuliza kwa nini fimbo inateleza, na hakuchoka hadi alipopata jibu.

Ncha ya fimbo itakapobanduka tena leo jioni, na mchezo usimame, kutakuwa na kijana atakayenung'unika akidai sarafu yake. Huenda pia kukawa na mwingine atakayesogea karibu na fundi, atazame jinsi ngozi inavyokatwa, aulize kwa nini inapewa umbo la kuba, na aombe kuijaribu kazi hiyo kwa mkono wake. Huyo wa pili atakuwa ameanzia pale pale alipoanzia kapteni.